Nilisema «Ziko muzuri»

Mara nyingi sisi wachungaji tukipewa ukurasa tunaeleza makosa ya watu wengine. Mwezi huu nitaeleza kosa langu mimi mwenyewe. Ni habari ya foto, na pengine utasema foto ni kitu kidogo. Soma kwanza.

Wewe unayesoma ukiwa nyumbani, inua macho, angalia ukuta wa saloni yako. Ninajua kinachotundikwa pale, kwa maana nimeingia katika nyumba nyingi za kambi zetu, tangu Likasi na Kambove mpaka Kolwezi. Kuna kalenda ya kanisa, kuna saa isiyotembea, na kuna foto moja ya jamaa ndani ya kadre. Baba amesimama na koti yake, mama ameketi, mtoto mdogo yuko juu ya magoti, na hakuna anayecheka. Kwetu foto hiyo ilipigwa mwaka 1986, mimi nikiwa na miaka 5. Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni. Alitupeleka studio kwa miguu, na viatu tulivibeba mkononi mpaka karibu na mlango, ili vumbi lisiviharibu. Mtoto wa mwisho wa Mama alikuwa hajazaliwa bado. Baba alikufa mwaka 2011. Kwa hiyo foto moja yenye sisi watoto watano wote pamoja na mama yetu haikuwako hata siku moja.

Mama sasa amepita miaka 75. Katika mwaka 2023 aliugua sana, tukafikiri tutamzika. Alipopata nguvu ya kuketi aliniita. «Pasta,» akasema (ananiita hivyo anapotaka kitu kigumu, siku nyingine ninabaki mtoto tu), «ninataka foto moja tu, na batoto yangu yote, mbele nikwende.»

Ni nani atakataa? Lakini kukusanya watoto watano wa jamaa ya migodi si mchezo. Dada yangu mkubwa anakaa Lubumbashi. Hiyo ni kilometa 120, si mbali, lakini ana biashara yake na haiachi. Ndugu yangu anayenifuata anafanya kazi Kolwezi, anaingia usiku na mchana kwa zamu, na ruhusa inaombwa mwezi mzima mbele. Mdogo wetu wa mwisho aliolewa Zambia, Kitwe, na kwake kuna mpaka wa Kasumbalesa, malori, karatasi, na feza za karatasi. Tangu kilio cha Baba hatukuwa tumekutana wote watano. Tulipanga mara tatu, ikaanguka mara tatu. Mwisho tukapata siku ya yenga, tarehe 29 Oktoba 2023. Kila mtu akashona kikwembe cha namna moja, bluu na njano, hata watoto wadogo.

Fotografe alikuwa kijana wa kanisa letu. Jina lake sitaandika, wala haina faida ulijue. Baba yake alikufa zamani, mjomba wake ndiye aliyemlea, na ni mjomba huyo aliyeuza pikipiki yake ili amnunulie apareyi. Kijana ana bidii. Anapiga ndoa, ubatizo, masomo yanapogawa diplome. Alituomba dolari 40 kwa siku nzima na foto 10 zilizochapwa. Sisi tukamvuta mpaka 25. Tulimwambia: wewe ni mwana wetu.

Siku ile ibada ilipaswa kumalizika saa nne. Ilimalizika karibu na saa sita, na aliyeirefusha ni mhubiri, na mhubiri nilikuwa mimi. Jamaa yangu ilitoka kwanza, ikangoja chini ya mwembe, ikicheka na kupigana na watoto. Kijana alipita pale akijaribu apareyi yake. Halafu, nilipotoka na Biblia yangu mkononi, nikawaita wote waje mbele ya ukuta wa kanisa, kwa sababu tulikuwa tumeupaka chokaa mwezi ule na niliona ni mahali pa heshima. Tukasimama kwenye jua. Mama tukamweka kwenye kiti, pembeni, kwa kuwa katikati kulikuwa na jiwe. Ndugu yangu alikuwa akiangalia saa, basi la Kolwezi lilikuwa linaondoka saa saba. Dakika 20, kazi ikaisha. Jioni ile watoto wa Mama walikuwa wameisha kutawanyika tena.

Majuma mawili baadaye kijana akaja nyumbani na bahasha. Nilikuwa barazani na wageni wawili. Nikafungua.

Nitakuambia nilichokiona, bila kuongeza. Ukuta wa kanisa ulikuwa mzuri sana, mweupe kabisa. Sisi tuliosimama mbele yake tulikuwa kama vivuli. Macho yetu hayakuonekana, yalikuwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso. Na pale ambapo nyuso zilionekana, hazikuwa zetu. Kijana alikuwa amezipitisha katika kompyuta, akazitia weupe. Dada yangu alikuwa na rangi ya papai. Watoto walikuwa na ngozi kama ya mwanasesere. Na Mama, mama yangu wa miaka 75, hakuwa na kunyanzi hata moja. Kovu lake halikuwako.

Hapa nisimame kidogo juu ya kovu lile. Katika miaka ya 1990, mishahara ilipokuwa inakaa miezi bila kuja, Mama alianza kukaanga vitumbula. Saa kumi ya usiku alikuwa ameisha washa makala, na saa kumi na mbili tulikuwa tunabeba sahani kichwani kuviuza mlangoni mwa masomo, mbele ya kuingia darasani sisi wenyewe. Asubuhi moja mafuta yaliruka, yakamchoma shavu la kushoto tangu chini ya jicho mpaka karibu na mdomo. Siku ya pili yake alikaanga tena. Kwa vitumbula vile mimi na dada yangu tulilipiwa minervali. Nilipokwenda shule ya Biblia, begi langu lilinunuliwa na vitumbula. Kovu lile ndilo diplome yangu ya kwanza. Na kijana, kwa kidole kimoja, alikuwa amelifuta, akifikiri anamfanyia Mama mema.

Sasa alisimama mbele yangu, mikono nyuma. «Baba pasta, muangalie. Ziko muzuri?»

Na mimi nikasema: «Ziko muzuri sana, mwana wangu. Mungu akubariki.» Nikamlipa feza iliyobaki. Hata nikaongeza franka kidogo za taksi, ili aende upesi.

Mpenzi msomaji, unajua neno hili. Na wewe umelisema. Fundi anakuletea koti yenye mkono mmoja mfupi, unasema «asante, iko muzuri». Mwimbaji ameharibu wimbo, unampa mkono. Sisi tunaliita heshima. Kumwambia mtu uso kwa uso kwamba kazi yake imekosa, kwetu ni sawa na kumvua nguo barabarani, zaidi sana kama ni mwana wa kanisa, zaidi sana kama kuna wageni wanaokusikiliza. Nilijiambia: anajifunza bado, ni yatima, nisimvunje moyo.

Lakini angalia kilichofuata. Kijana hajafika barabara kubwa, nikageukia wale wageni wawili, nikawaonyesha foto, tukacheka. Nilisema: «Huyu mtoto ametugeuza wazungu wasio na macho.» Walicheka sana, na mimi nikafurahi kwamba neno langu limewachekesha. Juma lile nikalisema tena kwa mashemasi. Bibi yangu akalisema katika kikundi cha wamama. Dada yangu akalisema Lubumbashi. Neno ambalo sikuwa na nguvu ya kumwambia mtu mmoja, niliwaambia watu 30.

Mama peke yake hakucheka. Nilimpa foto kubwa ndani ya kadre mpya. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. «Hii ni kikwembe yangu,» akasema. «Lakini huyu mama haiko miye.» Akanirudishia. Tangu siku ile kadre ilikaa nyuma ya kabati, imegeukia ukuta.

Kuna mtu wa mji wetu mkubwa wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye foto zake zinaonyeshwa hata Ulaya. Mwaka 2006 alitengeneza foto nyingi chini ya jina «Mémoire», ndiyo kusema Kumbukumbu. Alikata watu katika foto za zamani za wakati wa wakoloni, wafanyakazi na wakubwa wao, akawasimamisha ndani ya foto alizozipiga mwenyewe za viwanda vyetu vilivyochakaa. Wafanyakazi wale wako pale wamesimama katikati ya vyuma vyenye kutu. Ninakumbuka habari yake kwa sababu moja. Wazee wale walipigwa foto na watu ambao hawakuwapenda, na pengine hawakuulizwa, lakini nyuso zao zilibaki nyuso zao, na mjukuu anaweza kusema: huyu ni wa kwetu. Sisi tulilipa feza yetu wenyewe, tukapigwa na mwana wetu mwenyewe, na Mama hakujikuta ndani.

Ikapita Noeli, ikapita Mwaka Mpya. Katika mwezi wa Februari 2024 kijana akaja kwangu usiku. Alikuwa amekonda. Alisema kazi imekufa. Wanakwaya walikuwa wamemwahidi foto za uniforme mpya, wakamchukua mtu mwingine. Ndoa mbili za Desemba zilimwacha bila kumweleza neno. «Bantu bananikimbia, baba pasta, na hakuna anayenieleza juu ya nini. Wakinikuta wanasema kazi yangu iko muzuri.» Halafu akashusha sauti. Alisema amefikiri sana, ameona kwamba mtu anamfunga. Na mtu huyo ni mjomba. Kwa sababu mjomba aliuza pikipiki yake, na sasa anaona wivu kwamba mtoto anapata. Alikuwa na miezi miwili hakanyagi kwa mjomba, hakuli bukari ya kule, hata salamu alikuwa ameacha. Alikuja nimwombee, na nimpeleke kwa mtu mwenye nguvu ya kuona.

Ninyi mnaokaa huku mnajua njia hiyo inakofika. Inaanza na mtoto asiyekula kwa mjomba, na inaweza kumalizika na mzee anayepigwa mawe. Nilikuwa ninamsikiliza, na jasho lilikuwa linanitoka, kwa sababu mimi nilimjua mchawi. Mchawi alikuwa ameketi mbele yake na miwani yake. Ni ulimi wangu uliomfunga.

Mathayo 18:15 nimeihubiri mara nyingi, na kila mkristo mzima anajua inamtuma kwenda kwa nani kwanza. Usiku ule ndipo nilipoitii, miezi mitatu nyuma ya wakati wake.

Nilimwambia: «Mwana wangu, mbele ya kuomba, nina deni kwako.» Nikaenda nyuma ya kabati, nikaleta kadre, nikaiweka mezani kati yetu chini ya taa. Nikamwambia kwamba siku ile nilidanganya. Kwamba foto hazikuwa nzuri, kwamba nilijua palepale, na kwamba nilizisema vibaya kwa wengine, na kazi yake imekufa kwa maneno hayo, si kwa dawa ya mtu. Nikamtajia niliowaambia, mmoja mmoja. Mjomba hakuwamo.

Alinyamaza muda mrefu. Nilifikiri atalia. Hakulia, alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. «Juu ya nini ulisema ziko muzuri? Ningezitengeneza! Siku ile ningezitengeneza!»

Na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukijua, na ningependa ukishike vizuri. Alinieleza kwamba foto ya apareyi kama yake, ile ya asili isiyoguswa, inabeba mambo mengi ambayo jicho halioni kwanza. Uso uliozama katika giza, kama haukuzama kabisa, unaweza kuinuliwa. Weupe alioutia unaweza kuondolewa, kwa sababu foto ya asili inakaa pembeni jinsi ilivyopigwa. Kovu la Mama lilikuwa bado liko, ndani ya kompyuta yake, katika Novemba yote na Desemba yote. Ingetosha niseme neno moja barazani pale. Lakini mwezi wa Januari nafasi ilikuwa imemwishia, na kwa kuwa sisi tulisema tumeshiba, alifuta foto zetu zote ili apate mahali pa kazi nyingine.

Alifungua kompyuta yake ndogo mbele yangu, akatafuta tena, labda iko moja imebaki. Haikuwako.

Basi tukaanza kuzungumza kazi yenyewe, mpaka saa tano ya usiku, na umeme ulipokatika tukawasha mshumaa. Nilimwomba aniambie kwa nini tulikuwa weusi mbele ya ukuta. Akafikiri, na akaeleza vizuri kuliko mimi ninavyoeleza hapa. Apareyi haioni watu. Inapima mwangaza wote unaoingia na kuuleta kwenye kipimo cha katikati, si mweupe wala mweusi, kama majivu. Ukiiwekea ukuta wa chokaa kwenye jua, inadhani mwangaza umezidi, inapunguza, na ngozi zetu nyeusi zinaanguka gizani. Mpigaji anapaswa kuilazimisha ifungue zaidi, au kuwatoa watu kwenye ukuta. (Hata filmu za rangi za zamani, miaka mingi wachapaji wake walipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na Kodak waliiita kadi ya Shirley. Sisi hatukuwa kwenye kadi.) Na tena jua. Huku kwetu Likasi, karibu na mwisho wa Oktoba, saa sita jua linasimama karibu kabisa juu ya kichwa. Linaangaza nywele na pua, na macho yanabaki katika kivuli cha paji. Saa mbili ya asubuhi au saa kumi na moja ya jioni, mambo ni mengine.

«Ulijua hayo yote?» nikamwuliza. Alisema mengine alijua. «Lakini baba pasta, ni wewe ulituita ukutani. Ningekuambia nini?»

Unaona, msomaji. Yeye naye alikuwa ameniambia «ziko muzuri» yake. Aliona mahali ni pabaya, saa ni mbaya, na hakusema, kwa sababu ya heshima. Nilipokuwa ninahesabu makosa yake ilibidi nihesabu na yetu: tulimkata dolari 15, tulichelewa saa mbili, tulichagua ukuta, tulimweka Mama pembeni, tulimharakisha kwa ajili ya basi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, «Kovu la Mama usiliguse.» Juu ya weupe alijitetea, na sikuwa na jibu jepesi. Alisema wateja ndio wanaoomba. Wamama wa makanisa yetu wanamwambia awapunguzie weusi kidogo, na asipowapunguzia hawarudi. Nilinyamaza, kwa sababu ninawajua wamama hao, na wengine ni mabinti ninaowafungisha ndoa wenye mikono ya rangi mbili. Nilimwambia tu: siku nyingine uliza. Usiamue kwa ajili ya mtu kwamba uso wake hautoshi.

Vijana wengine wataniuliza: sasa mtu aseme namna gani, bila kuvunja? Sina fundisho kubwa. Ninaweza kusema nililoliona usiku ule. Neno «foto ni mbaya» halikumsaidia kitu, nililisema mwanzoni na liliingia kama jiwe. Kilichomsaidia ni kuweka foto mezani na kidole juu yake: hapa macho hayaonekani, hapa huyu si Mama, hapa mtoto amekatwa mguu. Hapo alisogea, akainama, tukawa watu wawili wanaoangalia kitu kimoja. Na kilichomsaidia zaidi, alisema mwenyewe baadaye, ni kwamba tulikuwa peke yetu. Barazani, mbele ya wageni, hata neno tamu lingemchoma. Lakini kungoja miezi mitatu hakukumsaidia. Ningemwambia jioni ileile, wageni wakiisha kwenda. Na usifanye kama wale wanaofunika neno kwa sifa nyingi mpaka mtu anakwenda nyumbani akifikiri amesifiwa.

Ndugu mmoja aliponisikia alisema ilifaa nidai feza irudi. Sikudai. Alitembea, alifanya kazi, na nusu ya kosa ilikuwa yetu. Kama ningesema kwa wakati wake, ningemwomba arudie kazi, na hiyo ni haki ya mteja yeyote. Tangu siku ile, bibi yangu akipeleka kitambaa kwa fundi, wanapatana kwanza kwamba atajaribu nguo mbele ya kumaliza feza. Ni jambo dogo, lakini linampa fundi nafasi ya kusikia ukweli wakati unapoweza bado kushonwa.

Ilinibaki kazi ya pili, ngumu kuliko ya kwanza: kuwarudia wale 30. Nilianza na mashemasi. Wengine walisema, «Ah, pasta, yale yalikuwa mchezo tu.» Kwa wanakwaya nilisimama mbele yao wote, kwa maana kule sikusema peke yangu, wao nao walikuwa wameyabeba. Sijui kama kazi yote ya kijana imerudi. Neno lililotoka Likasi na basi likafika Lubumbashi, utalifuata na nini?

Kwa mjomba alikwenda siku ya yenga iliyofuata. Aliniomba nimsindikize, nikakataa, kisha nikaona haya, nikamsindikiza mpaka mlango wa lupango. Nilisikia mzee akiuliza kutoka ndani, «Ni nani?» na nikaondoka. Walichoambiana hakikunihusu.

Sasa Mama. Nilimweleza kwamba foto za asili zimefutwa, na kwamba ni kwa sababu yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, «Basi,» na ile «basi» ilinilemea zaidi kuliko kugombezwa. Kumkusanya tena mtu wa Kolwezi na mtu wa Kitwe si kazi ya juma moja.

Lakini mdogo wetu wa Kitwe, niliposema naye kwa telefone, alikumbuka kwamba asubuhi ile, mbele sijatoka kanisani, kijana alimtumia foto moja kwenye telefone yake, ya kujaribu tu. Akaituma. Wako chini ya mwembe, ndani ya kivuli, ambapo mwangaza ni laini na kila uso unaonekana. Ndugu yangu wa Kolwezi amefumba macho. Mtoto mmoja anakimbia, amekuwa ukungu wa bluu na njano. Mimi siko katikati; ninaonekana nyuma kabisa, mlangoni mwa kanisa, mdogo kama kidole, Biblia mkononi, nikiwa bado ninaongea na mtu. Mama ameketi katikati. Anacheka, na shavu lake la kushoto limetugeukia.

Foto iliyopita kwenye telefone inapunguzwa, kwa hiyo haikuweza kuchapwa kubwa. Kijana aliichapa sentimeta 13 kwa 18, na zaidi ya hapo, alisema, itavunjika. Nilimpa zile dolari 15 tulizomkata Oktoba. Alikataa, nikasisitiza, akachukua tano.

Inatundikwa sasa karibu na ile ya mwaka 1986. Mgeni akiingia, Mama anamvuta mkono mpaka ukutani, anaweka kidole juu ya kovu, anasema: «Huyu njo miye.» Ndugu yangu wa Kolwezi amelalamika kwamba amefumba macho. Mama amemjibu kwa telefone kwamba aje tena, na asiangalie saa.